Usinunue rangi, nunua nitreti: namna ya kupima virutubisho vya bitiruti kwa mwenye presha

Vidonge vya bitiruti siku hizi viko kila mahali: kwenye maduka ya dawa, kwenye magrupu ya WhatsApp, kwenye begi la ndugu anayerudi likizo kutoka Marekani au Dubai. Chupa imeandikwa kwamba inasaidia moyo, inafungua mishipa, inaweka presha sawa. Anayeletewa mara nyingi ni mzazi ambaye mashine inamsomea 150 au 160, na anayeleta ana nia njema kabisa. Lakini jambo moja ambalo lingemsaidia mzazi huyo halijaandikwa kwenye chupa nyingi: ndani mna nitreti miligramu ngapi?

Nitreti, ile kemikali ya asili ndani ya bitiruti inayoshusha presha, ndiyo mzigo, mengine yote ni gunia. Ukilielewa hilo, unaweza kusimama mbele ya rafu yenye chupa kumi na ukajua ndani ya dakika tano ipi inastahili fedha na ipi ni unga wa kupendezesha rangi ya mkojo.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Ukila bitiruti, nitreti yake hufyonzwa tumboni na kwenye utumbo mwembamba ikaingia kwenye damu. Takriban robo yake huchotwa na tezi za mate na kurudishwa mdomoni. Juu ya ulimi, hasa sehemu ya nyuma, wanaishi bakteria wanaoigeuza nitreti kuwa nitriti. Unameza mate, nitriti inashuka tumboni na kuingia tena kwenye damu, na huko inageuka kuwa nitriki oksaidi, gesi inayolegeza misuli iliyozunguka mishipa. Mshipa ukilegea unapanuka, na presha inashuka. Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998 kwa kuonyesha kwamba gesi hiyo ndiyo ishara ambayo moyo na mishipa huitumia.

Kwa hiyo safari yote inapita mdomoni, hata kama umemeza kidonge na hukukionja kabisa. Mwaka 2008 watafiti wa London waliwapa watu wenye afya mililita 500 za juisi ya bitiruti. Baada ya saa mbili na nusu hadi tatu, namba ya juu ya presha ilikuwa imeshuka kwa kama 10. Walipowaambia washiriki wateme mate badala ya kuyameza, nitriti haikupanda kwenye damu na presha haikushuka ile namna. Mwaka 2013 jopo la London likajaribu upande wa pili: watu 19 wenye afya walisukutua dawa ya kuua vijidudu yenye klorheksidini kwa siku saba, na presha zao zikapanda kwa 2 hadi 3.5. Yaani mtu anaweza kununua bidhaa nzuri kwa bei kubwa, kisha akaua kila asubuhi wale bakteria wanaoifanya ifanye kazi. Kupiga mswaki hakuna shida. Dawa kali ya kusukutua inayotumiwa kila siku bila daktari wa meno kuiagiza, hiyo ndiyo yenye shida.

Kuna kikwazo kingine kinachosahaulika. Tumbo lenye asidi husaidia nitriti kugeuka. Anayetumia omeprazole au dawa za jamii yake kwa vidonda vya tumbo anaweza kupata nafuu ndogo kuliko mwenzake. Asiache dawa ya tumbo kwa ajili ya bitiruti. Ajue tu kwamba matarajio yake yawe madogo.

Majaribio yanasema nini hasa

Jaribio ambalo wauzaji wengi hulitaja bila kulieleza ni la Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, lililochapishwa mwaka 2015. Watu 64 wenye presha ya juu walikunywa mililita 250 za juisi kila siku kwa wiki nne. Nusu yao walipata juisi ya kawaida yenye nitreti milimoli 6.4, ambazo ni kama miligramu 400. Nusu nyingine walipata juisi ya bitiruti iliyoondolewa nitreti: rangi ileile, ladha ileile, sukari ileile. Waliopata nitreti walishuka kwa kama 7.7 kwenye namba ya juu. Wale wa juisi isiyo na nitreti hawakushuka. Na waliposimamisha kunywa, presha ilirudi ilikokuwa ndani ya wiki mbili.

Tafadhali rudia kusoma habari ya hiyo juisi iliyoondolewa nitreti, kwa sababu ndani yake kuna jibu la matangazo mengi. Ule wekundu ulibaki wote, na presha haikushuka. Anayekuambia "angalia ilivyo nyekundu, hii ni halisi" anakuonyesha kitu ambacho hakishushi presha.

Jaribio lingine lilifanyika Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2020, na linatuhusu moja kwa moja. Watanzania 47 wa umri wa miaka 50 hadi 70 waliokuwa na presha iliyopanda waligawanywa makundi matatu kwa siku 60. Walipimwa kwa mashine inayovaliwa saa 24. Makundi mawili yaliyopata juisi nzito yenye nitreti, kama miligramu 400 kwa siku, yalishuka kwa wastani wa 6 hadi 11 kwenye namba ya juu. Moja kati ya makundi hayo mawili lilipewa pia foliki asidi. Waliopata juisi isiyo na nitreti walibaki palepale. Makundi yalikuwa madogo, kwa hiyo usikimbilie kumnunulia mtu foliki asidi ya dozi kubwa. Ila lile la msingi, kwamba nitreti ya kutosha inashusha, limeonekana kwenye miili ya watu wetu na kwenye mazingira yetu.

Upande wa pili wa mizani pia upo. Mwaka 2015 huko Australia watu 27 ambao tayari walikuwa kwenye dawa za presha walikunywa juisi yenye nitreti kwa wiki moja, na presha zao hazikubadilika. Na ukichanganya majaribio mengi madogo pamoja, wastani wa kushuka ni 4 hivi kwenye namba ya juu na 1 hivi kwenye ya chini. Hiyo si haba kwa mtu aliye kwenye 138. Kwa aliye kwenye 170, hiyo si tiba. Kuhusu mshtuko wa moyo na kiharusi chenyewe, ushahidi bado ni mchanga. Kwa hiyo bidhaa inayoahidi kukukinga na kiharusi inasema zaidi ya inachokijua.

Sasa twende kwenye hesabu

Chukua lengo la miligramu 400 za nitreti kwa siku, au tuseme 300 hadi 500, kwa kuwa huko ndiko majaribio yaliyofanikiwa yalikokuwa. Lebo nyingine huandika milimoli. Milimoli moja ni miligramu 62, basi 5 ni 310 na 8 ni 496.

Bitiruti mbichi mara nyingi ina nitreti miligramu 100 hadi 250 katika kila gramu 100, kutegemea mbegu, udongo, mbolea na mwanga. Karibu gramu 87 za hizo 100 ni maji. Ukiikausha na kuisaga, unabaki na unga gramu 12 au 13 wenye nitreti ileile. Gramu moja ya unga, kwa hiyo, ina nitreti miligramu 8 hadi 20.

Sasa shika chupa ya vidonge. Kimoja kina unga miligramu 500, yaani nusu gramu. Nitreti yake ni miligramu 4 hadi 10. Maelekezo yanasema vidonge viwili kwa siku: miligramu 8 hadi 20. Lengo ni 400. Ili ulifikie, unahitaji vidonge 40 ukiwa na bahati ya unga mzuri, na 100 ukiwa na unga hafifu. Kwa siku. Chupa ya vidonge 60 inaisha siku moja na nusu, au haifiki hata jioni.

Hapo ndipo vidonge vingi vya unga mtupu vinapoanguka, na sioni njia ya kuvitetea. Bitiruti iliyomo ni ya kweli. Tatizo ni kwamba ni kidogo mno. Kipande cha bitiruti kwenye kachumbari kina nitreti zaidi.

Unga wa kopo unaochanganywa na maji una nafasi nzuri kidogo, kwa sababu kijiko kimoja ni gramu 5 hadi 10. Gramu 10 zina miligramu 80 hadi 200. Hapo unakaribia, hasa ukichukua vijiko viwili. Juisi nzito ya vichupa vya mililita 70, zile wanazotumia wakimbiaji, kwa kawaida ndiyo inayofika miligramu 400 kwa kichupa kimoja, na ndiyo aina iliyotumika kwenye majaribio mengi. Hata hivyo usiamini umbo la chupa peke yake. Watafiti wa Marekani walipima bidhaa 24 za juisi na unga wa bitiruti mwaka 2019. Tofauti kati ya iliyo na nitreti nyingi na iliyo na kidogo ilikuwa kama mara 50, na ni tano tu zilizokuwa na milimoli 5 au zaidi kwa kila kipimo katika sampuli zote zilizopimwa.

Kusoma lebo bila kuchezewa

Geuza chupa nyuma, uache ya mbele na picha zake za mioyo. Tafuta neno nitrate likiwa na namba na mg mbele yake. Lisipokuwepo, hesabu imeishia hapo. Kampuni iliyojitahidi kupata nitreti nyingi hujisifu kwa namba. Iliyokaa kimya ina sababu.

Neno likiwepo, angalia namba ni ya kipimo gani. Kipimo cha mara moja kinaweza kuwa vidonge vitatu, au vijiko viwili. Gawanya bei ya chupa kwa siku ambazo chupa itakupa miligramu 400. Tuseme kopo ni shilingi 90,000, lina vipimo 30, na kila kipimo kina miligramu 200. Utahitaji vipimo viwili kwa siku, kwa hiyo ni kopo la siku 15, shilingi 6,000 kwa siku. Ukiona namba hiyo ndipo unaweza kuilinganisha na kilo ya bitiruti sokoni.

Mtego wa "sawa na". Lebo inasema ekstrakti ya moja kwa kumi, miligramu 1,000, sawa na miligramu 10,000 za bitiruti. Elfu kumi inatisha. Igeuze kuwa gramu: ni gramu 10 za bitiruti mbichi, kislesi chembamba kimoja. Hata kama hakuna kilichopotea kiwandani, na mara nyingi kinapotea, nitreti yake ni miligramu 10 hadi 25.

Mtego wa mchanganyiko wa siri. Unaona jina zuri la mchanganyiko, gramu 3.5, na chini yake bitiruti, kitunguu saumu, komamanga, hothoni (hawthorn), ajinini (arginine), bila kuambiwa kila kimoja kiasi gani. Bitiruti inaweza kuwa gramu 3 au punje chache. Huwezi kupima kitu kilichofichwa, na sipendekezi kumnunulia mgonjwa mchanganyiko asioujua, kwa sababu daktari naye hataweza kujua nini kinagongana na dawa zake.

Zile pipi laini za kutafuna zinazouzwa sana Marekani kwa ajili ya presha zina jambo lake. Nyingi zimetiwa ekstrakti ya mbegu za zabibu, na utafiti unaotajwa kwenye tangazo ni wa mbegu za zabibu. Bitiruti imetoa jina na rangi. Anayezipenda azinunue akijua ananunua zabibu.

Kisha kuna chupa zinazoandikwa red spinach. Mnunuzi wa Kiswahili anadhani ni spinachi ya aina ngeni, kumbe ni mchicha mwekundu, jamaa wa huu wa bustanini. Ekstrakti yake iliyosanifiwa huwa na nitreti hadi asilimia 9, zaidi ya unga wowote wa bitiruti, na kidonge cha namna hiyo kinaweza kweli kufika mahali. Gramu moja kwa asilimia 9 ni miligramu 90.

Ukikuta sodium nitrate au potassium nitrate, jua kwamba uzito ulioandikwa unaweza kuwa wa chumvi nzima. Katika ya kwanza nitreti ni asilimia 73 tu, katika ya pili 61. Na hapa naomba nieleweke vizuri: chumvi hizi zisinunuliwe kamwe kwa wauza kemikali au mbolea ili kuchanganya nyumbani. Nitreti na nitriti zinatofautiana herufi moja, zote ni nyeupe, na nitriti kidogo tu inaua kwa kuizuia damu kubeba oksijeni.

Mihuri je? Marekani, kwa sheria ya mwaka 1994, virutubisho haviidhinishwi na FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, kabla ya kuuzwa, ndiyo maana ile sentensi ndogo chini ya chupa inasema madai hayajatathminiwa. Muhuri wa USP au NSF una maana: mtu wa tatu amepima na kukuta kilichoandikwa ndicho kilichomo. Lakini kama kilichoandikwa ni "unga wa bitiruti miligramu 500", muhuri unathibitisha hizo 500 za unga. Haukuongezei nitreti.

Nani asiguse bila daktari

Mwenye figo zilizochoka. Bitiruti mbichi gramu 100 ina potasiamu miligramu 325 hivi, na juisi ya nusu kilo inakusanya nyingi. Figo zikishindwa kuitoa, moyo unaweza kupiga ovyo hadi kusimama. Hatari inaongezeka kwa anayetumia lisinopril, enalapril, losartan au spironolactone, maana nazo hubakiza potasiamu mwilini. Kidonge cha nusu gramu hakina potasiamu ya kutisha, kwa sababu hakina cha kutosha cha kitu chochote. Tatizo linakuja kwenye juisi.

Aliyewahi kupata mawe kwenye figo ya aina ya oksaleti aiache, kwani bitiruti ina oksaleti nyingi. Anayeweka kidonge cha nitroglycerin chini ya ulimi kwa maumivu ya kifua, au anayetumia sildenafil (Viagra), asiongeze dozi kubwa ya nitreti bila kuongea na daktari, kwa sababu zote zinavuta kamba ileile na presha inaweza kudondoka ghafla. Anayetumia dawa za presha akianza kuona kizunguzungu anaposimama kutoka kitandani, apime akiwa amekaa, kisha akiwa amesimama, na apeleke namba kliniki. Dawa asizipunguze mwenyewe.

Mtoto mchanga wa chini ya miezi sita asipewe juisi ya bitiruti wala vidonge hivi hata kidogo.

Na kuhusu kiwango: Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya inaweka kikomo cha kila siku cha miligramu 3.7 za nitreti kwa kilo ya mwili. Mtu wa kilo 70 ni 259. Dozi ya majaribio, 400, inapita hapo. Anayekula mboga za majani kwa wingi naye hupita, na haionekani kumdhuru, lakini hii ni sababu ya kutosha ya kutorundika kopo, vidonge na juisi kwa siku moja kwa matumaini ya kushusha zaidi.

Mkojo mwekundu au choo chekundu usikushtue. Hutokea kwa takriban mtu mmoja kati ya kumi wanaokula bitiruti, na hupita. Mwambie tu mtu wa maabara kabla hajapokea kikopo chako.

Njia ya sokoni

Mililita 250 za juisi zinatoka kwenye bitiruti nusu kilo hivi ukitumia mashine ya kukamua. Ukiwa na blenda, ongeza maji kidogo, saga, kisha chuja kwa kitambaa na ukamue makapi mpaka mwisho. Maji uliyoongeza hayapunguzi nitreti, yanaongeza ujazo tu. Osha vizuri na sugua udongo. Usitie sukari: juisi ya kipimo hicho tayari ina sukari kama gramu 20, na mwenye kisukari anapaswa kuihesabu.

Kosa kubwa ni kuiacha mezani. Katika joto la Dar au Mombasa, bakteria walioingia wakati wa kukamua huanza kugeuza nitreti kuwa nitriti ndani ya jagi lenyewe. Kinachotakiwa kitokee mdomoni kidogo kidogo kinatokea chupani kwa wingi. Ikunywe mara moja, au iweke kwenye friji na uimalize siku hiyohiyo, au igandishe kwenye vikopo vya kipimo kimoja kimoja.

Kosa la pili ni kuichemsha na kumwaga maji. Nitreti huyeyuka kwenye maji, na ule wekundu unaouona ukitiririka kwenye sinki unaondoka nayo. Ioke, ipike kwa mvuke, au ichemshe na ganda lake na mkia wake bila kukata. Bitiruti ya chupani iliyotiwa siki nayo imepoteza nyingi na mara nyingi imeongezwa chumvi.

Na mchicha usidharauliwe kwa sababu ni wa bei ndogo. Huko Denmark watu zaidi ya 50,000 walifuatiliwa kwa miaka 23, na waliokula mboga zenye nitreti kama miligramu 60 kwa siku walikuwa na presha ya chini kidogo na magonjwa machache ya moyo na mishipa kuliko waliokula kidogo zaidi. Kupita hapo hawakuonekana kupata nyongeza. Ufuatiliaji wa namna hiyo hauthibitishi kwamba nitreti ndiyo iliyowakinga, lakini miligramu 60 ni sahani ndogo ya mchicha. Uliochemshwa na maji kumwagwa umepungukiwa. Ulioungwa na vitunguu na nyanya, maji yake yakakaukia humohumo, umebaki nayo. Chumvi tu uipunguze, isije ikala ulichokipata.

Jipime mkononi mwako

Umeamua kujaribu bidhaa yenye namba ya kueleweka. Usiihukumu kwa kujisikia, kwa sababu presha haisikiki. Pata mashine ya mkono wa juu, si ya kifundo cha mkono. Mkanda ukutoshe: mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba kwa uongo, na mama mwenye mkono mnene anaweza kuwa ameogopeshwa miaka mitatu na mkanda tu.

Kojoa kwanza. Nusu saa kabla usinywe kahawa wala chai, usivute sigara. Kaa dakika tano kwenye kiti chenye mgongo, miguu chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Usiongee, maana kuongea peke yake kunaweza kuongeza kama 10. Pima mara mbili, dakika moja katikati, asubuhi kabla ya dawa na jioni kabla ya kula. Fanya siku saba, futa siku ya kwanza, kisha tafuta wastani wa namba 24 zilizobaki. Kwa nyumbani, wastani wa 135 kwa 85 kwenda juu ni presha ya kupanda.

Huo ndio msingi. Tumia bidhaa wiki nne kwa saa ileile kila siku, na wiki ya nne urudie vipimo vyote vya siku saba. Usipime saa mbili au tatu baada ya kunywa, kwa sababu hapo ndipo kilele kilipo na utajidanganya. Kipimo cha asubuhi kabla ya kunywa ndicho kinachokuambia kama nafuu inadumu hadi kesho yake. Katika wiki hizo usianze mazoezi mapya, usibadilishe chumvi, na dawa za hospitali ziendelee bila kurukwa hata siku moja. Ukipata 180 kwa 120 pamoja na maumivu ya kifua, ganzi ya upande mmoja, kushindwa kuongea au kuona ukungu, acha daftari na uende hospitali saa hiyohiyo.

Tofauti ya 2 au 3 kati ya wastani wa kwanza na wa pili usiihesabu, ni mawimbi ya kawaida. Ikiwa ni 5 au zaidi, simamisha bidhaa wiki mbili, na wiki ya pili upime tena. Presha ikirudi juu, bidhaa ilikuwa inafanya kazi, na uamuzi uliobaki ni wa mfuko wako na daktari wako. Isiporudi, kilichoishusha ni kitu kingine: labda mkanda ulioutoa kwa jirani ulikuwa mdogo na huu mpya umekutosha, labda ni ile dawa ya asubuhi ambayo kwa wiki hizo zote, kwa ajili ya jaribio, hukuiruka.